Dakika Saba za Tom na Jerry

Februari 1940 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer (MGM) ya Marekani ilipeleka kwenye majumba ya sinema katuni fupi iitwayo Puss Gets the Boot. Paka wake aliitwa Jasper. Panya hakupewa jina kwenye skrini, na waongozaji wawili walioitengeneza hawakutajwa hata wao. Jina lililosomeka lilikuwa la bosi wao, Rudolf Ising. Kisa chenyewe ni chepesi. Paka kavunja pambo, na mfanyakazi wa ndani anamwapia kwamba akivunja kitu kingine atatupwa nje. Panya anayasikia maneno hayo. Kuanzia hapo anachohitaji ni kusogeza glasi hadi ukingoni mwa meza, na adui yake anaganda pale alipo. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hapa panya anatawala paka akiwepo, tena akiwa amebeba sahani zilizorundikana hadi kidevuni.

Wakubwa wa studio hawakuona cha ajabu. Mkuu wa kitengo cha katuni alikuwa Fred Quimby, mtu aliyetokea kwenye biashara ya kuuza filamu, asiyechora wala kuandika vichekesho. Kwake yeye, habari za paka na panya zilikuwa zimechakaa, na vijana wake wawili wakapewa kazi nyingine. Kilichombadilisha mawazo hakikuwa sanaa. Bibi mmoja aliyesimamia uchaguzi wa filamu kwa ajili ya majumba ya sinema ya Texas, Bessa Short, aliandika barua kuuliza lini wataletewa katuni nyingine ya yule paka na yule panya. Mteja akiuliza hivyo, muuzaji husikia. Kisha filamu ikapendekezwa kuwania Oscar. Haikushinda: tuzo ilikwenda kwa The Milky Way, kazi ya Ising mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa katuni ya kwanza isiyo ya Walt Disney kuipata tangu tuzo hiyo ianze kutolewa mwaka 1932. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Majina mapya yakatafutwa kwa shindano la ndani ya studio, na mchoraji John Carr akaondoka na dola 50 kwa kupendekeza Tom na Jerry.

Studio yenyewe ilikuwa changa. MGM, kampuni iliyojivunia kuwa na nyota wengi kuliko mbingu, kwa miaka kadhaa ilikuwa ikinunua katuni kutoka kwa Hugh Harman na huyo Ising, hadi walipogombana kuhusu gharama. Mwaka 1937 ikaamua kujenga karakana yake huko Culver City, California. Miongoni mwa walioajiriwa walikuwamo wale waongozaji wawili: William Hanna, mzaliwa wa New Mexico mwaka 1910, na Joseph Barbera, mtoto wa familia yenye asili ya Italia, aliyezaliwa New York mwaka 1911 na kuwahi kufanya kazi benki kabla ya kuuza michoro yake magazetini. Waliwekwa chumba kimoja, meza zao zikitazamana, na wakaendelea kufanya kazi pamoja kwa zaidi ya nusu karne.

Walifaana kwa sababu kila mmoja alikuwa na upungufu ambao mwenzake aliujaza. Barbera alikuwa na mkono mwepesi na kichwa kilichojaa visa. Alichora michoro ya awali ya hadithi nzima kwa kasi, na ndani ya michoro hiyo nyuso zilikuwa tayari zimeshaonesha hofu, kiburi na hila. Hanna hakuwa mchoraji wa kiwango hicho, naye alilijua hilo. Kipaji chake kilikuwa muda. Alipenda muziki na alifanya kazi na metronomu, akiamua Tom anyanyue kigongo kwa fremu ngapi, asimame kwa fremu ngapi kabla ya kukishusha, na maumivu yachukue muda gani kufika usoni. Alikuwa kama mpiga ngoma anayejua kuchelewesha pigo moja mpaka wachezaji waliokwisha kuinua mguu wabaki wanangoja. Ndiyo maana katika katuni hizi kicheko mara nyingi hakitoki kwenye pigo, hutoka kwenye ule ukimya mfupi kabla ya pigo.

Msomaji na atazame hesabu. Filamu ya sinema hupita fremu 24 kwa sekunde. Katuni ya dakika saba ina fremu 10,080, na hata pale mchoro mmoja unapopigwa picha mara mbili, bado inahitajika michoro elfu kadhaa. Wachoraji wakuu, akina Irven Spence, Kenneth Muse, Ray Patterson na Ed Barge, walichora mikao mikubwa ya mwendo. Wasaidizi wakajaza mikao ya katikati. Kisha michoro ikanakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu za seluloidi na kupakwa rangi upande wa nyuma. Kazi hiyo ya wino na rangi katika studio za Hollywood ilifanywa zaidi na wanawake, na majina yao hayakuonekana kwenye skrini. Baadaye karatasi hizo zililazwa juu ya mandhari ya sebule au jiko, zikapigwa picha moja baada ya nyingine. Ukiangalia kwa makini mkia wa Tom anapojificha nyuma ya pazia, kuna mtu aliyekaa na mkia ule siku nzima.

Na kuna yowe. Kila anayezijua katuni hizi analijua yowe la Tom akibanwa mkia au akikalia msumari. Lilikuwa la Hanna mwenyewe. Alipiga kelele mbele ya kinasa sauti, halafu mafundi wakakata mwanzo na mwisho wa ile kelele, ikabaki sehemu yenye nguvu tupu. Hakuna mnyama wala binadamu anayelia hivyo, nalo kila likisikika huchekesha.

Mtu wa tatu katika ushirika huu hutajwa kwa nadra: Scott Bradley, mtunzi wa muziki. Tom na Jerry karibu hawasemi, kwa hiyo muziki ulibeba kila kitu ambacho katika katuni nyingine kingesemwa kwa maneno. Bradley hakulichukulia jambo hilo kama utani. Aliwapenda watunzi wa kisasa wa wakati wake, Bartók na Stravinsky, na katika katuni ya Puttin' on the Dog ya mwaka 1944 alitumia mfumo wa noti kumi na mbili wa Schoenberg, muziki ambao ukipigwa ukumbini uliwakimbiza wasikilizaji, kuonesha panya anavyotembea amejificha ndani ya kichwa cha mbwa wa sanamu. Watu waliokuja kuangalia filamu za mapenzi wakasikia muziki mgumu kuliko wote wa karne yao, wakacheka, wakaomba tena. Wanamuziki wa okestra ya studio walilalamika kwamba nota zake zilikuwa ngumu kupiga. Nawaamini. Zima picha, sikiliza sauti peke yake, utasikia jinsi mwendo unavyokatika kila sekunde mbili na kuanza upya kwa kasi nyingine bila kupotea.

Filamu za mwanzo zilikuwa za polepole. Tom wa 1940 alikuwa na manyoya mengi na makunyanzi mengi usoni, anatembea kwa miguu minne kama paka wa kweli. Mabadiliko yalikuja baada ya mwongozaji Tex Avery kuhamia MGM kutoka Warner Bros. mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kuongoza kikundi chake jirani. Avery hakuwa na subira. Macho yalichomoka, taya zilidondoka sakafuni, na mzaha mmoja ulipoisha mwingine ulikuwa umeshaanza. Hanna na Barbera hawakumwiga moja kwa moja, ila waliongeza kasi ili wasiachwe. Kufikia 1943 Tom alikuwa anasimama kwa miguu miwili, nyusi zake zimekuwa nzito, na uso wake unaweza kupitia hisia tano katika muda wa kufumba na kufumbua.

Mwaka huo walitoa The Yankee Doodle Mouse. Marekani ilikuwa vitani, na vita vikahamishiwa kwenye chumba cha chini cha nyumba: mayai yakawa mabomu ya kurushwa kwa mkono, unga ukawa moshi wa kujifichia, na Jerry akawa luteni anayetuma taarifa makao makuu. Mwishoni Tom analipuka angani na kuwa bendera ya Marekani kwa fataki. Ni propaganda isiyojificha, nayo imezeeka kwa sehemu hiyo tu. Iliwapatia Oscar ya kwanza. Mwaka uliofuata wakashinda kwa Mouse Trouble, kisha Quiet Please!, kisha The Cat Concerto. Mara nne mfululizo. Zikaja nyingine tatu, na kufikia 1953 sanamu zilikuwa saba. Aliyepanda jukwaani kuzipokea ni Quimby, kwa kuwa tuzo ilikuwa ya mtayarishaji. Hanna na Barbera hawakuitwa.

Wahakiki wengi wakiulizwa ipi ni bora hutaja The Cat Concerto, na sababu zipo. Tom amevaa koti rasmi, anapiga Rapsodia ya Pili ya Kihungaria ya Liszt. Jerry amelala ndani ya piano na nyundo za piano zinamwamsha. Vidole vya Tom vinagusa vibao vinavyolingana na noti zinazosikika, jambo ambalo filamu za waigizaji halisi huwa zinalikwepa kwa kuficha mikono. Katika kipindi hichohicho Warner Bros. ilitoa Rhapsody Rabbit, sungura wake Bugs Bunny akipiga wimbo uleule na kusumbuliwa na panya, na kila upande ukaushuku mwingine kwa wizi. Mimi nampa Tom ushindi, kwa sababu Bugs anafanya mzaha na muziki wakati Tom anajitahidi kwa dhati kuumaliza.

Lakini nikilazimishwa kuchagua moja, nachagua Mouse Trouble. Tom ameletewa kwa posta kitabu cha kumfundisha kukamata panya, na anakifuata sura kwa sura. Kila sura inamtia kilema. Anapigwa risasi na bunduki aliyoifyatua mwenyewe, anavaa wigi kufunika upara, na wigi hilo anakaa nalo hadi mwisho bila mtu yeyote kulizungumzia. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mtengenezaji wa kawaida angetuelekeza kidole tucheke wigi. Hawa wanaliacha kichwani, na dakika mbili baadaye bado linachekesha. Mwishoni nyumba nzima inalipuka, limebaki tundu la Jerry na paka aliye juu ya wingu.

Kabla sijasahau, Jerry alicheza dansi na mwigizaji Gene Kelly. Hiyo ni Anchors Aweigh ya mwaka 1945, filamu ya muziki iliyoongozwa na George Sidney. Ombi la kwanza lilikwenda kwa Disney kumtaka Mickey Mouse, halikukubaliwa. Kelly alipigwa picha akicheza peke yake, kisha panya akachorwa fremu kwa fremu kufuata miguu yake. Kazi ilipoisha waliona kwamba taswira ya Kelly inaonekana kwenye sakafu iliyong'aa na ya Jerry haipo. Wakarudi mezani kuichora.

Sasa lile jambo ambalo sifa hizi zote haziwezi kulifunika. Yule mfanyakazi wa ndani anayemtishia Jasper mwaka 1940 ni mwanamke mweusi, mnene, tunayeoneshwa miguu, aproni na ufagio wake, na uso kwa nadra sana. Watengenezaji walimwita Mammy Two Shoes. Mwezi uleule ambao katuni hiyo ilitoka, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa kuigiza Mammy katika Gone with the Wind, filamu iliyosambazwa na MGM hiyohiyo, na usiku ule alikalishwa kwenye meza ndogo kando, mbali na waigizaji wenzake wazungu. Hollywood ilikuwa na nafasi moja kwa mwanamke mweusi, jikoni, na wachora katuni hawakuvumbua nyingine. Sauti ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji hodari wa redio, na ukimsikiliza utagundua kwamba ana muda mzuri kama wa Hanna: anajua neno gani alivute na lipi alikate. Hilo halipunguzi dharau ya mchoro. Linaongeza uchungu tu, kwamba kipaji kile kilipewa miguu peke yake.

Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilipinga taswira za aina hii, na baada ya 1952 mhusika huyo akatoweka. Katuni zilipohamia televisheni miaka ya 1960, MGM iliamuru baadhi ya sehemu zake zichorwe upya: akawekwa mwanamke mzungu mwembamba mwenye sauti ya June Foray. Miaka ya 1990 sauti ya Randolph ikafutwa tena na kurekodiwa upya na Thea Vidale. Zaidi ya hapo kuna mizaha ya masizi, pale baruti inapolipuka na uso wa Tom ukageuka kuwa kejeli ya mtu mweusi, na kuna His Mouse Friday ya mwaka 1951, yenye kisiwa cha walaji watu. Hii ya mwisho sina cha kuitetea. Ni mbaya kwa maadili na pia ni mbaya kwa ufundi. Waongozaji waliokuwa wakihesabu kila fremu hapa wameokota mzaha uliokuwa umelala barabarani. Mwaka 2014 Amazon ilipoanza kuweka onyo la ubaguzi kabla ya katuni hizi, wapo waliokasirika. Naona onyo ni bora kuliko mkasi. Aliyekata anatuachia Tom msafi ambaye hakuwahi kuwapo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kazi ilikuwa imekomaa hadi ikaanza kugusa giza. Katika Heavenly Puss ya 1949 Tom anapondwa na piano, anafika kwenye kituo cha treni ya peponi, na anaambiwa hatapanda mpaka Jerry atie saini cheti cha kumsamehe. Kwenye foleni mbele yake wamo paka wachanga wanaotoka ndani ya gunia lililolowa maji. Tukio hilo linapita haraka, hakuna muziki wa kuhuzunisha, na mtu mzima anabaki amekaa wima. Katika The Two Mouseketeers, iliyoshinda Oscar, Tom anakatwa kichwa kwa gilotini, mbali kidogo na macho yetu. Lakini miaka hiyohiyo ilileta pia kile kipanya kidogo cha kijivu chenye nepi, Nibbles, na pamoja nacho utamu uliozidi. Kila anapotokea, ugomvi wa wazi kati ya wahasimu wawili hugeuka kuwa malezi.

Wakati huo fedha zilikuwa zinakauka. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kampuni kubwa za filamu haziwezi kuendelea kumiliki majumba ya sinema na kuyalazimisha kununua filamu kwa mafungu. Katuni ilikuwa inaishi ndani ya fungu hilo. Mwenye ukumbi alipopata uhuru wa kuchagua, alilipia filamu kubwa, na kwa katuni akatoa sarafu. Kisha televisheni ikawaweka watazamaji nyumbani. MGM ilijaribu skrini pana ya CinemaScope kuanzia 1954, michoro ikabaki na vitu vichache, mistari ikanyooka. Mwaka 1956 The Egg and Jerry ilitoka, nayo ilikuwa Hatch Up Your Troubles ya 1949 iliyorudiwa kwa upana mpya. Mhasibu alikwisha kugundua kwamba kutoa tena katuni ya zamani kunaingiza karibu fedha sawa na kutengeneza mpya. Mwaka 1957 simu ikapigwa: kitengo kifungwe. Hanna na Barbera, ambao wakati huo walikuwa wakuu wake baada ya Quimby kustaafu, wakawa na jukumu la kuwaambia wenzao. Filamu ya mwisho kati ya 114 walizoongoza ilitolewa mwaka 1958.

Wakaanzisha kampuni yao, Sidney wa Anchors Aweigh akiwa mbia, na Desemba 1957 The Ruff and Reddy Show ikaanza kuoneshwa na NBC. Fedha zilikuwa sehemu ndogo sana ya walizozoea. Ilibidi wachague nini kitaacha kutembea, na karibu kila kitu kikaacha. Mwili unasimama, mdomo peke yake unafunguka. Mandhari ileile inapita nyuma ya mkimbiaji mara sita. Yogi Bear, aliyefuata mwaka mmoja baadaye, alivishwa kola na tai ili kichwa kichorwe peke yake na kiwiliwili kibaki kilekile, kiungo kimefichwa shingoni. Maneno yakachukua kazi ya mwendo. The Flintstones ya 1960 ni mchezo wa redio wenye picha, mzuri kwa namna yake, uliotengenezwa na watu walewale waliowahi kusimulia hofu nzima ya paka kwa kope moja.

Ni ajabu ya biashara kwamba televisheni iliyowaua ndiyo iliyowafikisha Tom na Jerry kila mahali. Afrika Mashariki ilipata televisheni kwa nyakati tofauti: Kenya mwaka 1962, Zanzibar mwaka 1973 tena ya rangi, Tanzania Bara miaka ya 1990. Katuni za maneno mengi zilimhitaji mtoto ajue Kiingereza. Hizi za paka na panya hazikumdai chochote, mtoto na bibi yake walicheka mahali pamoja.

MGM nayo ilijaribu kurudi. Mwongozaji Gene Deitch alitengeneza katuni 13 jijini Prague mwaka 1961 na 1962, kwa bajeti ndogo na wachoraji waliokuwa hawajaziona zile za asili vya kutosha. Zina sauti zenye mwangwi na mwendo wa kushtuka, na wapo wanaozipenda kama watu wanavyopenda ndoto mbaya. Chuck Jones, aliyetokea Warner Bros., alitengeneza 34 kati ya 1963 na 1967. Zake ni nzuri kwa macho, nyusi kila mahali, ila paka wake anajitazama kwenye kioo muda wote, hana njaa.

Anayetaka kuzitazama asianze na za skrini pana, wala asifuate mpangilio wa miaka. Aanze na Mouse Trouble, aifuatishe na The Bodyguard ya mwaka uleule wa 1944, kisha The Cat Concerto akiwa ameongeza sauti. Puss Gets the Boot aiache ya mwisho, na atafute nakala isiyokatwa, yenye sauti ya Lillian Randolph.